Kanzu Niliyoivaa Mapema

Jambo hili sijamsimulia mtu kwa mdomo, na sidhani kama nitaweza, kwa sababu kila nikijaribu kulianza masikio yananiwaka, kwa hiyo naliandika humu katika kurasa za nyuma za daftari langu la hesabu (mwalimu hafiki huku), na nyinyi wenzangu wa bwenini, ambao najua siku moja mtaliiba mlisome, basi someni, ila mkimaliza nawaomba msinitazame machoni. Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: mimi Twaha, mwanafunzi wa kidato cha tatu, miaka kumi na sita, mrefu kiasi cha kuinama nikiingia msikitini kwetu Tororo, nilibebwa mgongoni na mama yangu, mchana kweupe, pale mpakani Busia, mbele ya askari na wachuuzi na watu waliotaka kuwa wakwe zetu. Nimeshasema. Sasa niwaeleze ilivyokuwa.

Kwetu hakuna anayekuambia ni lini umekuwa mkubwa. Kukiwa na gunia la mahindi la kupeleka mashine ya kusaga, "Twaha, wewe mwanamume sasa, beba." Wakubwa wakianza kuongea kwa sauti ya chini habari za nani amechukuliwa na askari na nani ametorokea mlango gani, "Twaha, wewe mtoto, hebu toka nje ukacheze." Nicheze nini? Nina ndevu saba (nimezihesabu kwa kioo cha mama), sauti yangu ikitoka inaanza juu inamalizikia chini kama ndoo inayotumbukia kisimani, na bado naambiwa nikacheze. Kwa hiyo nilikuwa nazunguka tu uani, si huku wala si kule, nakasirika peke yangu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinajua mimi ni nani, nacho ni kaptula yangu ya kaki. Mnajua wenyewe mambo ya vizuizi siku hizi. Mwanamume mzima akifika kwenye kizuizi lazima atoe tikiti ya kodi, ile karatasi ya kuonyesha amelipa, na asipokuwa nayo anaketishwa chini pembeni na wenzake mpaka lori lije, na waliopanda lile lori, wengine walirudi baada ya wiki mbili wamenyolewa vichwa na hawataki kuongea, wengine hawakurudi, na sisi hatukuuliza. Lakini mwanafunzi hana tikiti, na askari hawana muda wa kuuliza miaka ya kila mtu, kwa hiyo wao wanaangalia magoti. Goti liko wazi, pita, goti limefunikwa, toa tikiti. Ndiyo maana kwetu utaona vijana wenye vifua kama milango bado wanavaa kaptula, na mama zao ndio wanaowashonea. Magoti yetu ndiyo yalikuwa kitambulisho chetu.

Mimi magoti yangu niliyachukia. Ni makubwa, yamekaa kama vifundo kwenye mti wa muhogo.

Sasa, kaka yangu Hamisi ni fundi magari. Alivuka mpaka mwaka juzi akaenda kufanya kazi upande wa Kenya na hakurudi tena (sitaandika kwa nini, hata humu), na huko Busia ya Kenya akampata msichana anayeitwa Zaituni, binti wa Mzee Shaabani anayefanya biashara ya ngozi. Mambo yakafika mahali pa posa. Lakini posa haipelekwi na mwanamke, wala bwana harusi hajiposei mwenyewe, lazima aende mwanamume wa ukoo akae jamvini na wanaume wa kule, aseme. Baba yetu alikwisha kufariki. Amebaki Baba Mdogo Swaleh, na Baba Mdogo, siku tatu kabla ya safari, mguu ukaanza kumuuma (mguu wake huwa unauma kila anaposikia neno mpaka, na mimi simlaumu).

"Basi atakwenda Twaha," mama akasema.

Baba Mdogo akanitazama kuanzia chini mpaka juu, safari ndefu. "Huyu? Huyu hata kuku hawezi kumfukuza, ataona haya."

"Atakaa jamvini na atasema maneno matatu. Mengine nitamalizana na wanawake ndani."

Nikafundishwa maneno matatu. Assalamu alaikum wazee wangu. Nimetumwa na ukoo wa marehemu baba yangu. Tunaomba udugu kwenu. Hayo tu, basi. Nilikaa siku tatu nikiyarudia chooni, njiani, kwenye sala (Mungu anisamehe), na usingizini nadhani. Mama akatoa sandukuni kanzu ya marehemu baba na koti lake jeusi na kofia ya kiua, vyote vinanuka dawa ya nondo, nikavijaribu, na wallahi vilinikaa. Nilijitazama kwenye kioo kipande kipande, maana kioo ni kidogo, kwanza kifua, halafu bega, halafu mkono, na kila kipande kilikuwa cha mtu mzima. Magoti hayakuonekana kabisa.

Mama akaikunja kanzu pamoja na koti akavipanga kikapuni. Akasema neno ambalo kama ningelisikiliza nisingekuwa naandika leo. "Utavuka na kaptula yako. Tukishafika kwa wakwe, utaingia chumba cha uani uvae hizi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia kweli. Lakini asubuhi ya siku yenyewe, mama akiwa jikoni anafunga miguu ya kuku wa zawadi, mimi nikawa nawaza: nitafika kwa Mzee Shaabani na magoti nje, watoto wa kule watanifungulia mlango, Zaituni mwenyewe ataniona na kaptula, halafu nijifiche chumbani nitoke na kanzu kama mtu wa maigizo, nani ataniamini jamvini? Nikachomoa kanzu kikapuni. Nikaivaa juu ya kaptula na shati la shule, koti juu ya kanzu, kofia kichwani, na nikaenda kusimama kituo cha basi kabla mama hajatoka ndani, ili akinikuta tayari tuko mbele za watu.

Alinikuta. Akasimama, kikapu kichwani, kuku mkononi.

"Nilikuambia nini?"

"Mama, mimi si mtoto."

Hapo ndipo yote yalipoharibikia, maneno manne. Alinitazama hivi, halafu akaangalia pembeni, na nadhani alimwona baba kidogo kwenye lile koti, maana aliingia ndani ya basi bila kuongeza neno, na njia nzima mpaka Busia alikuwa anamtuliza kuku.

Busia tukashuka, tukaelekea mpakani kwa miguu pamoja na watu wa siku zote, akina mama wa samaki, Wakenya wanaorudi kwao na vikapu vitupu, wanafunzi, wazee wa baiskeli. Kizuizi kilikuwa mapipa mawili na mti uliolazwa juu yake. Wanawake na watoto walipita kushoto, wanaume kulia. Mama akageuka. "Njoo huku nilipo mimi," akasema kwa sauti ya chini, "inua kanzu kidogo, njoo." Wallahi alinipa nafasi! Lakini mbele yangu kulikuwa na wasichana wawili wa sekondari wananiangalia, na nikawaza, nitakwendaje kwenye mstari wa wanawake na koti hili. Nikaenda kulia.

Pembeni ya mstari wa kulia, chini ya senyenge, walikuwa wameketi wanaume kama kumi hivi, miguu wameinyoosha mbele. Nikajua ni akina nani. Mmoja alikuwa fundi baiskeli, mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, shati limejaa grisi, na bado ameshika pampu yake mkononi kama mtu aliyeitwa katikati ya kazi. Nikatazama nyuma, mstari umeshajaa. Mbele, askari wawili, mmoja mfupi mwenye miwani ya jua na mwingine kijana kijana tu, huenda ananizidi miaka mitatu.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyochimba shimo kwa kijiko. Yule mfupi aliponiona alisimama wima, akashika kifua.

"Salaam aleikum, shehe!"

Shehe! Mimi! Mwili mzima ukanisisimka, hofu ikayeyuka kidogo, na badala ya kusema afande mimi ni mwanafunzi (ilikuwa rahisi, maneno manne tu), nikatoa sauti ya chini kabisa niliyokuwa nayo nikajibu, "Waalaikum salaam, mwanangu."

Mwanangu. Nilimwita askari mwenye bunduki mwanangu. Nikikumbuka usiku huwa nauma shuka.

Akacheka, akafurahi. "Shehe nakwenda wapi leo?"

"Kwenye posa."

"Aa, mzuri, mzuri. Tikiti iko wapi, shehe, tuone kidogo tu, halafu pita."

Hapo njia ilikuwa bado ipo, mnaona? Ningeinua kanzu. Lakini ameshaniita shehe mbele za watu, wale wasichana wamesimama wanatazama, na ulimi wangu ukaamua peke yake: "Nimeisahau nyumbani."

Uso wake ukafungwa kama duka. Mtu mzima aliyesahau tikiti si shehe tena, ni mtu mzima asiye na tikiti. "Nyumbani wapi? Kazi yako gani?"

"Mwalimu," nikasema. (Sijui ilitoka wapi.)

"Mwalimu ya shule gani? Barua ya shule iko wapi?"

Barua. Jasho likaanza kunishuka ndani ya koti, harufu ya dawa ya nondo ikapanda puani, maneno yote niliyoyajua duniani yakatoroka, yakabaki yale tu niliyofundishwa, na nikayasikia yakitoka moja baada ya jingine, kwa ufasaha mkubwa, mbele ya yule askari: "Nimetumwa na ukoo wa marehemu baba yangu. Tunaomba udugu kwenu."

Watu nyuma yangu wakaguna. Yule askari kijana akapasuka kicheko. Yule mfupi hakucheka. Akavua miwani.

"Kaa chini kule."

Kule ni kwenye senyenge. Sasa hofu yenyewe ikaja, si ile ya kuona haya, nyingine. Nikapiga kelele, na sauti iliyotoka sasa ilikuwa ile ya juu, ya kitoto kabisa, "Afande, mimi ni mwanafunzi! Ni mtoto, afande! Tazama!" Na kwa mikono miwili nikainua kanzu ya marehemu baba mpaka kiunoni, hadharani, kaptula ya kaki hiyo hapo na magoti yangu mawili yanagongana.

Nilidhani magoti yataniokoa kama siku zote. Askari mfupi aliyatazama, akaitazama kanzu, akanizunguka polepole.

"Juu mwalimu, chini mtoto," akasema. "Sababu gani mtu kuvaa nguo mbili ya watu wawili? Wewe umejificha. Nani alikutuma?"

Kumbe kukosa tikiti lilikuwa kosa dogo. Sasa nimekuwa mtu aliyejificha. Wale wasichana waliokuwa wananitazama wakageuka wakaondoka haraka, na mstari wote nyuma yangu ukarudi hatua mbili, kama mtu anavyojitenga na mgonjwa wa surua, na pale nilipobaki peke yangu nikasikia mbali kidogo injini ya lori inakuja. Nililia. Naandika kwa sababu nimeahidi kusema kweli humu: nililia kwa makamasi, na kofia ya baba ikaanguka.

Ndipo mama akaja. Alishavuka mapipa, alishafika upande wa pili salama, na akarudi, kikapu kichwani, kuku kwapani, anakuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumchapa mtoto.

"Wewe Twaha! Mwehu wewe! Nani amekupa ruhusa ya kuvaa kanzu ya baba yako?" Akanishika sikio akalisokota mbele ya bunduki mbili. "Afande, nisamehe, huyu ni mtoto wangu, ameiba nguo za marehemu baba yake anajifanya mkubwa. Nyumbani ni hivi hivi. Juzi tu amelia kwa sababu nimempa kipande kidogo cha nyama."

(Ni kweli. Lakini kilikuwa kidogo sana.)

"Mama, huyu mtoto? Ndevu hii hapa?"

"Ndevu ni za mwili, afande. Akili bado inanyonya."

Wale wachuuzi wakacheka, na nikaona yule askari mfupi anabadilika kidogo, anaanza kupata mchezo. Akatazama lori, bado liko mbali linahangaika na mashimo. "Haya. Tupime. Wewe, pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio ya upande ingine."

Mnaujua mtihani huo, tulifanyiwa wote tulipoanza shule, mkono usipofika sikioni unarudishwa nyumbani ukaendelee kunywa uji. Nikapitisha mkono. Mikono yangu ni mirefu kama mwiko wa harusi. Nikajaribu kuubana begani, kuufupisha, kukunja vidole, niliufupisha mpaka bega likaniuma, lakini ukapita sikio, ukashuka mpaka kidevuni.

"Ohoo! Mtoto huyu anajikuna shingo!" askari kijana akasema, na watu wakacheka mpaka wale wa senyenge. Fundi baiskeli naye alicheka.

Mfupi akasubiri kicheko kiishe. Kisha akamwambia mama, taratibu, kama anayetoa hukumu: "Mtoto anabebwa. Kama ni mtoto yako, mbebe. Kutoka hapa mpaka ile mti ya Kenya kule. Akigusa chini na mguu yake, anarudi anakaa na wenzake."

Niliona macho ya mama yakipima ile njia, hatua kama mia moja na kitu, halafu yakanipima mimi. Mimi nikasema, "Mama, usi..." na hakuniacha nimalize. Alitua kikapu. Ndani yake, juu kabisa, kulikuwa na doti ya leso mpya, nyekundu na nyeupe, haijawahi kuguswa na maji, zawadi ya mama yake Zaituni. Akaifungua. Akachuchumaa mbele yangu, akanipa mgongo, akasema bila kugeuka, sauti ile ile aliyokuwa ananiitia miaka ile nikiwa mdogo kweli:

"Panda."

Nikapanda. Akanipitishia leso matakoni, akaifunga kifuani mafundo mawili, akanikabidhi kikapu nikitundike mkononi na kuku nimkumbatie, akasema "Kunja miguu," akasimama. Sijui alisimamaje. Nilisikia mgongo wake ukilia kama mlango. Mama yangu ananifika begani, jamani. Niliikunja miguu mpaka magoti yakamgusa mbavu, haya magoti, kanzu imekusanywa kama tandiko, na tukaenda.

Soko zima lilisimama. Wakenya walikuja mpaka kwenye mti wao wa kizuizi kutazama. Mwingine akapiga vigelegele, mwingine akasema "Ongeza na uji!" na mtoto mdogo, mdogo wa kweli, akamvuta mama yake nguo, "Na mimi nibebe kama yule." Nilifumba macho nikaficha uso kwenye shingo ya mama, ikawa mbaya zaidi maana ndivyo wanavyofanya watoto. Nilikuwa nasikia pumzi yake tu, na kila hatua ananong'ona kitu, nikadhani ni dua, nikasikiliza, kumbe anahesabu.

Njia inapita mbele ya senyenge. Nikafumbua macho. Wale wanaume kumi walikuwa wananitazama, na sasa hakuna aliyecheka. Tulipofika usawa wa fundi baiskeli, akainua ile pampu kidogo, kama mtu anayesimamisha basi, akasema:

"Mama, ukimfikisha huyo, urudi unibebe na mimi."

Askari wakacheka sana. Wenzake nao wakacheka. Mama hakusimama, hakuwa na nafasi ya kusimama, lakini alijibu, kwa pumzi iliyokatika:

"Subiri hapo, mwanangu."

Akaendelea kuhesabu. Karibu na mti magoti yake yalianza kutetemeka, kidole changu kimoja kilipita juu ya vumbi, hakikugusa, naapa hakikugusa, na tukavuka.

Upande wa pili walisimama watu watatu wamevaa vizuri. Mzee mmoja wa kofia nyekundu, mwanamke mnene, na msichana aliyejifunika uso kwa ushungi, mabega yanamtikisika. Mzee Shaabani, mke wake, na Zaituni. Walikuwa wamekuja kutupokea. Waliona yote.

Mama alichuchumaa, nikashuka, naye akabaki pale chini amechuchumaa muda, anapumua. Kisha akafungua leso, akaikung'uta vumbi, ina jasho, ina mikunjo, ina unyoya wa kuku, akamwangalia yule mwanamke mnene kwa haya. "Mwenzangu, hii ndiyo ilikuwa yako."

Yule mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakuikunja. Alijifunga pale pale njiani.

Nyumbani kwao jamvi lilikuwa limeshatandikwa, wanaume watano wameketi, na nafasi ya msemaji wa kwetu iko wazi. Niliitazama ile nafasi. Kanzu ya baba ilikuwa imejaa vumbi upindoni, lakini bado ilikuwa kanzu, ningeweza kukaa. Nikapita moja kwa moja uani nikaketi na watoto kwenye sinia lao, na hakuna aliyenishangaa, walisogea tu, mmoja akaniuliza kama mama yangu huwa ananibeba mpaka shuleni. Nikamwambia hapana, leo tu.

Nikasikia Mzee Shaabani anauliza huko mbele, "Msemaji wenu yuko wapi?"

Na mama, kutoka mlango wa chumba cha wanawake, bado sauti haijamrudia vizuri: "Yuko na wenzake anakula. Nitasema mimi." Akasema. Salamu, ukoo wa marehemu, udugu. Maneno yangu matatu. Nikaacha kutafuna. Kisha Mzee Shaabani akasema, "Tumekusikia tangu barabarani."

Hamisi alipata mke hivyo.

Jioni, jua bado lipo, tulirudi. Nilivaa kaptula, shati la shule, kanzu kikapuni imekunjwa. Nilipita kushoto, mkono wangu ndani ya mkono wa mama, sikuona haya, au niliona lakini sikujali. Yule askari mfupi alikuwa bado pale, anakula muwa.

"Mama! Mtoto sasa natembea?"

"Amekua njiani, afande," mama akasema.

Akacheka, akatupungia tupite. Senyenge ilikuwa tupu. Nyasi zimelala mahali walipokuwa wameketi, matairi ya lori yamechora udongo, na chini ya nguzo ya mwisho ilikuwa pale ile pampu ya baiskeli. Mama akasimama. Nilimvuta mkono, nikamwambia mama twende, nilikuwa naogopa, lakini aliinama (polepole, mgongo ulishaanza kumkaza) akaiokota, akaipangusa kwa upande wa gauni, akaiweka kikapuni juu ya kanzu ya baba. Kwenye basi aliipakata mpaka Tororo.

Imetundikwa nyuma ya mlango wetu, kwenye msumari. Mama alimwagiza kila mtu anayekwenda Busia aulize kama kuna fundi baiskeli aliyerudi, ndevu za mvi, shati la grisi. Mpaka naandika hivi hakuna aliyeijia. Mgongo wake ulimuuma wiki tatu na mimi ndiye niliyemchotea maji, na hakuna aliyeniambia wewe mwanamume sasa, chota.

Kanzu imerudi sandukuni na sitaivaa tena mpaka niitwe. Nimeapa. Nikipita kizuizini sasa napita na magoti yangu nje, makubwa hivyo hivyo, mkitaka kucheka, chekeni. Zamani nilidhani mtu mzima ni yule anayekaa jamvini. Siku hizi, nikiitazama ile pampu, nadhani mtu mzima ni mtu aliyefika kizuizini na hakuna wa kurudi kumchukua, na mimi haraka hiyo sina tena.